Shimo la Nne

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipopindua ndoo nikaifanya meza, nikaandika kwenye karatasi kwamba nimechimba mashimo manne na chini ya yote nimeona jiwe. Nilikuwa nimechimba matatu. Hilo la nne nililiandika kwa kalamu ile ile na kwa mwandiko ule ule mzuri niliofundishwa shuleni, na mtu yeyote akiisoma karatasi ile hawezi kujua ni mstari upi wa kweli na upi wa uongo. Niliombwa niandike hivyo, nikakubali. Ningeweza kukataa. Lilihitajika neno moja tu, nalo nilikuwa nalo mdomoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kule Likoni, ukishuka kivukoni na kutembea kidogo, kulikuwa na ofisi za kampuni moja ya kuhifadhi mizigo, jengo la chini na juu. Biashara yao ilikua, makarani wakabanana hadi wengine wakaweka meza kwenye ujia, ndipo wenyewe wakaamua kuongeza ghorofa moja zaidi juu ya zile mbili. Sasa, kazi ya kuongeza jengo si kama kazi ya kujenga jipya. Unamtwika mzigo mtu aliyekwisha kusimama miaka mingi na mzigo wake mwingine, kwa hivyo lazima kwanza umtazame miguu. Injinia wa kazi ile, Bwana Mutiso, mtu wa Machakos aliyekuja kutafuta riziki pwani, alitoa amri iliyo wazi: kila pembe ya jengo ichimbwe shimo kando ya msingi, ionekane msingi umeshuka kiasi gani na umekalia nini. Pembe nne, mashimo manne. Mwenye kusimamia uchimbaji na kuandika ripoti ni mimi.

Kazi hiyo nilipewa kwa sababu ya mjomba wangu, Fundi Mbwana. Huyu alikuwa kaka wa mamangu. Babangu alipofariki ndiye aliyenichukua nikiwa mdogo, akanilea pamoja na mwanawe Athumani, akanisomesha hadi kidato cha nne na yeye mwenyewe hakukaa darasani hata siku moja. Akiletewa ramani ya jengo alinipa mimi na kusema, "Nisomee, wakili wangu." Lakini nguzo aliyoisimamisha yeye, ukiipima kwa timazi huoni tofauti ya unywele. Katika kazi ile ya ofisi yeye ndiye aliyepewa nguzo na zege lote, na aliposhika kazi alimwambia mkandarasi, "Mpwa wangu ana elimu na ana macho. Mpe mashimo." Nikapewa.

Sisi watu wa Likoni, mwanangu, tuna tabia yetu moja kuhusu ardhi. Chini yetu kuna jiwe la matumbawe, na tangu utotoni tumeona mafundi wakilipiga kwa mtaimbo na kutega sikio. Likiitika kwa sauti kavu, wanasema hapa pamekwisha, leteni zege. Tunaliamini jiwe letu kama mtu anavyomwamini ndugu. Tunalolisahau ni kwamba wazee wetu walilitoboa. Kila shamba lilikuwa na kisima kilichochongwa kwa mkono kupita jiwe hilo, na mabomba ya maji yalipofika, na viwanja vilipoanza kuuzwa, visima vile vilijazwa takataka na mchanga, kukapandwa nyasi juu, na watu wakasahau.

Si wote tuliokuwa tumesahau. Siku ya kwanza ya kazi Injinia alisimama uwanjani akasema, "Hii mawe yenu mimi siiamini."

Mjomba akamjibu bila kuinua uso kutoka kwenye kazi yake, "Injinia, ungeliyaamini kwanza ungelisema 'mawe haya'."

Mafundi wakacheka, na Injinia naye akacheka. "Mzee, mimi mawe nayajua kwa hesabu. Kiswahili nimewaachia wenyewe."

"Lakini asema kweli," mjomba akasema, na sasa alinigeukia mimi. "Hili lilikuwa shamba la kina Bi Mize. Walikuwa na kisima, nimekunywa maji yake nikiwa kijana. Kilikuwa upande gani, wallahi, sikumbuki tena. Basi wewe Rama chimba pembe zote. Usiache hata moja."

Kwa hivyo sikukosa kwa kutojua. Niliambiwa na msomi na nikaambiwa na fundi, siku moja, mahali pamoja.

Mashimo matatu yalikwenda vizuri. Tulichimba kwa sururu, tukaufikia mwisho wa msingi, tukaona umekaa juu ya jiwe safi, jeupe, hata ukilimwagia maji halibadiliki. Pembe ya nne ndiyo iliyokuwa na shida. Kwa nje ilikuwa imegusana na ukuta wa jirani, hakuna pa kuweka mguu. Kwa ndani kulikuwa na stoo ya mafaili, makabati ya chuma yamejaa hadi dari. Ili kuchimba pale ilibidi makabati yahamishwe na sakafu ivunjwe.

Meneja wa ofisi alinikuta mlangoni pa stoo. Alikuwa mtu wa maneno laini, hakuwahi kunifokea.

"Rama, makabati haya nikiyatoa nitayapeleka wapi? Kwa mamako?"

"Injinia amesema pembe zote, bwana."

"Na hizo tatu umeona nini?"

"Jiwe."

"Basi. Jiwe la huku na jiwe la kule si mama mmoja, baba mmoja? Wewe mwenyeji wa hapa nikufundishe mimi?" Akanishika bega. "Uliahidi utamaliza Alhamisi. Leo Alhamisi. Andika kijana, watu waanze kazi."

Hakunipa kitu, mwanangu, na hakunitisha. Sina hata kisingizio hicho. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeahidi Alhamisi mbele ya watu, na nilitaka kuonekana kijana anayetimiza ahadi. Nilichofanya, ili nijidanganye vizuri, ni kuupenyeza mtaimbo katika upenyo mdogo kati ya ukuta wetu na wa jirani, nikapiga mara moja, nikatega sikio. Ukaitika kwa sauti kavu. Leo najua niliupiga msingi wenyewe. Siku ile nilijiambia nimelisikia jiwe, nikaenda zangu kupindua ndoo.

Jioni, tukiwa njiani kurudi nyumbani, mjomba akaniuliza, "Na ya stoo?"

"Jiwe, mjomba."

"Umeliona?"

"Nimelisikia."

Akasimama. "Sikukuuliza sikio. Umeliona?"

"Nimeliona."

Akashika njia tena, na hakuniuliza tena maisha yake yote. Aliniamini.

Ghorofa ile ilipanda ikapendeza. Mjomba alikuwa anakaribia miaka sitini na alijua hiyo huenda ikawa kazi yake kubwa ya mwisho, kwa hivyo aliifanya kama mtu anayeshona kanzu ya arusi. Kila gari la mchanga lilipofika aliuchota kidogo, akauweka ulimini, kuhakikisha hauna chumvi ya bahari, ile inayokula vyuma ndani ya zege. Vijana walikuwa wakimtania, "Mzee, leo umekosa kiamshakinywa?" Naye huwajibu, "Mkimaliza kucheka niongezeeni." Siku tuliyokabidhi kazi, makarani walipanda ngazi wakizipapasa kuta kwa viganja, na mjomba akasimama chini uwanjani akiwatazama, mikono nyuma.

Masika ya mwaka uliofuata, mlango mmoja wa ghorofa ya juu ulikataa kufunga. Seremala akaupunguza. Wiki ya pili ukakataa tena, na dirisha la karibu nalo likapasuka kioo bila kuguswa. Kisha ufa ukatokea kwenye ukuta wa ngazi, ukateremka kutoka juu hadi pembe ya stoo, na ndani ya siku chache ukawa unaingia kidole. Pembe ile ilikuwa inazama. Watu wote wakatolewa nje, na hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini ghorofa mpya ikaamriwa ivunjwe, nayo ikavunjwa kwa nyundo, zege la mjomba likibomolewa kipande kwa kipande na mafundi wasiomjua.

Kisha tukaitwa kikaoni. Tulikuwa watano: meneja, mkandarasi, Injinia Mutiso, mjomba na mimi. Injinia aliiweka karatasi yangu mezani, akaipigapiga kwa kidole.

"Ripoti inasema chini ni jiwe, pembe zote nne. Kama chini kuko salama, basi kosa liko juu."

Mkandarasi akasema, "Juu ni zege." Akaangalia dari. "Watu wanasema ulitumika mchanga wa bahari."

Huwezi kumtukana fundi wa Likoni kwa neno baya kuliko hilo. Mjomba hakupandisha sauti. Alisema, "Mchanga wa bahari? Mimi?" Kisha akanigeukia, na alinigeukia kwa utulivu wa mtu anayejua shahidi wake yuko. "Rama, waambie mashimo yale ulivyoyaona. Waambie na la stoo. Labda kuna jambo limetupita huko chini."

Meneja alinitazama, nami nikamtazama. Yeye alijua na mimi nilijua. Wengine watatu walikuwa wakingoja. Niliona kwamba nikisema kweli, kazi yangu imekwisha, na huenda nikashtakiwa, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Hayo yote niliyaona kwa mara moja. Uso wa mjomba, uliokuwa mbele yangu, sikuuona.

Nikasema, "Mashimo yote yalikuwa sawa."

 Mjomba akachukua kofia yake mezani, akaivaa, akasema, "Basi mimi sina la kuongeza," akatoka.

Hakupelekwa popote kushtakiwa. Alichopewa ni jina. Wakandarasi wakaacha kumwita. Kivukoni vijana wa kubeba mizigo wakawa wanamwuliza, "Mzee Mbwana, mchanga wa leo umetoka pwani gani?" Wengine wakamwita Fundi Chumvi, hadi watoto wakalishika wasijue limetoka wapi. Yeye alikuwa akiitikia salamu na kupita. Zana zake alizitia guniani, akarudi kwenye kishamba chake, mihogo na kuku. Mimi mkandarasi aliniweka, tena akaniongeza cheo.

Ilipita miaka sita kabla sijapata ujasiri wa kumwendea. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikasema moja kwa moja, maana nilijua nikizunguka sitafika.

"Mjomba, shimo la stoo sikulichimba."

Aliendelea kumenya hadi muhogo ule ukaisha. "Wewe umekuja kuniambia mimi. Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekukosea."

"Mimi mkono wangu naujua, Rama. Mchanga ule niliuonja kwa ulimi huu. Hakuna siku niliyofikiri kosa ni langu, kwa hivyo habari yako kwangu si habari." Akaokota muhogo mwingine. "Kuniambia mimi ni kwepesi, mimi nitakusamehe, wewe mwanangu. Nimeshakusamehe. Nenda ukawaambie waliokuwa chumba kile. Uwaambie na wale wa kivukoni. Wao ndio hawajui."

"Inshallah, mjomba."

"Inshallah yako isiwe ya kukwepea."

Ilikuwa ya kukwepea. Nilitoka pale nimepata wepesi, kana kwamba kazi imekwisha, kumbe nilikuwa nimejipunguzia mzigo wangu mimi tu na wake nimeuacha pale pale ulipokuwa. Mwaka ule nilisema nitangoja watoto waanze shule. Baadaye Injinia alihamia bara, nikasema sijui aliko. Meneja akastaafu. Na kubwa kuliko yote, nilikuwa na faraja yangu ya siri: nilijiambia kwamba hata ningechimba, huenda ningeona jiwe, na huenda jengo lilizama kwa sababu nyingine. Nani angejua? Shimo lisilochimbwa halina ushahidi. Nikahamia Junda, huko Kisauni, nikiwaambia watu ni karibu na kazi. Ukweli ni kwamba sikutaka kupita mbele ya jengo lile kila asubuhi.

Mjomba alifariki siku ya Jumatatu, na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Nilivuka kwa feri, nikawahi mazishi. Niliswali, nikabeba jeneza begani, na tulipofika makaburini nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaanza kusogea ukingoni. Unajua desturi yetu: anayeteremka kaburini kumpokea maiti ni mtu wake wa karibu, na mimi alinilea kama mtoto wake wa kumzaa. Binamu yangu Athumani akanishika mkono, akanivuta pembeni kwa upole.

"Rama, wewe usiingie."

"Kwa nini?"

"Mzee ameacha wasia. Alisema, 'Rama ana shimo lake ambalo hajaliingia. Akishaliingia hilo, aje aniombee. Langu asiingie.'" Athumani hakujua maana yake. Alikuwa akinitazama akingoja nimweleze. "Shimo gani hilo?"

 Nilisimama juu nikashika shuka kwa pembe moja pamoja na wengine, kulizuia kaburi lisionekane, na vijana wawili aliowafundisha kazi wakateremka. Nilisikia mmoja akisema, "Taratibu, kichwa huku," na sauti ilitoka chini, karibu na miguu yangu.

Mwaka jana jengo lile liliuzwa, na wenye kulinunua walitaka kulipanua upya. Walileta mashine ya kutoboa ardhi na vijana wasomi, wasichana na wavulana, waliovaa kofia za manjano. Nilipata habari nikavuka kwenda kutazama. Walikuwa wamevunja sakafu ya ile stoo. Chini ya pembe, nusu yake chini ya msingi kabisa, kulikuwa na duara la kisima cha Bi Mize, kimejaa mchanga uliolegea na vigae vya mitungi. Ningechimba siku ile kwa sururu ya kawaida, ningekikuta kabla ya adhuhuri.

Ijumaa iliyofuata nilisimama nje ya msikiti Likoni baada ya swala, nikawaomba wazee na mafundi wanipe masikio. Niliwaeleza yote, tangu ndoo iliyopinduliwa hadi kikao. Athumani alikuwepo. Nilipomaliza, fundi mmoja mkongwe aliyefanya kazi na mjomba akaniuliza, "Sasa watuambia sisi. Mwenyewe yuko wapi?" Akachukua bakora yake akaenda. Athumani alibaki amesimama pale pale. Hajanitukana hadi leo. Ananisalimu kama anavyomsalimu mtu yeyote.

Basi, mwanangu, wewe uliyepewa kalamu na unaandika ripoti ambazo watu watazitegemea kupanda ngazi, shika haya kutoka kwa mtu aliyeyalipia. Usiandike ulichokisikia ukasema umekiona. Ukiombwa uruke pembe moja kwa sababu zile tatu zimekuwa nzuri, kataa, hata anayekuomba akiwa mpole, na hasa akiwa mpole. Ukikosea ahadi ya Alhamisi watu watanung'unika hadi Jumatatu, kisha watasahau. Na ikiwa umekwisha kosea, usiende kunong'ona kwa uliyemkosea ukadhani umemaliza. Nenda kwa wale waliousikia uongo wako, useme mbele yao, na useme uliyemkosea angali hai, asikie akisafishwa.

Mola akujaalie macho ya kuona na ulimi wa kusema ulichokiona. Akupe mabwana wa kazi wenye subira. Akuweke mbali na siku ya kutazamwa na mtu anayekuamini huku wewe unatafuta cha kusema. Na wazee waliokulea wakiitwa kwao, akujaalie uwe miongoni mwa watakaowapokea kwa mikono yao.

Mimi sikujaaliwa. Mjomba wangu alikufa akiitwa Fundi Chumvi, na sikumlaza mimi katika mwanandani wake.